Mtoto Aliyeombewa Homa

Eliwaza aliumwa na mwanawe asubuhi moja akiwa ameketi kwenye kigoda karibu na mafiga, akinyonyesha. Maumivu yenyewe hayakuwa makubwa. Mwiba wa shambani humuuma mtu kuliko vile. Lakini yalitoka upande usiofaa. Yalitoka juu.

Alimtoa mtoto kifuani, akaingiza kidole mdomoni mwake. Ufizi wa chini ulikuwa laini na mtupu. Wa juu ulikuwa na kitu kidogo, kigumu, kama chenga ya mchele. Akambeba hadi mlangoni penye mwanga ili amtazame vizuri. Mtoto alidhani wanacheza, akacheka, na alipocheka kile kitu cheupe kilionekana bila hata kutafutwa.

"Hapana," Eliwaza alisema kwa sauti, ingawa mle ndani hakukuwa na mtu aliyemwambia neno.

Milima yote ya Upare ilijua maana ya jino la juu kulitangulia la chini. Mtoto wa hivyo aliitwa kigego. Wazee walisema kigego hakui peke yake. Kila jino linaloota mdomoni mwake linamzika mtu wa ukoo wake, na huanza na baba. Zamani watoto kama hao walipelekwa kwenye mwamba, na waliowapeleka walirudi mikono mitupu, wakanawa, wakala. Mjerumani alikataza. Mwingereza aliyekuja baada yake akakataza kwa kitanzi. Kanisa lilikataza kwa Neno, na watu wakaitikia amina. Lakini amina hutoka mdomoni, na hofu haikai mdomoni.

Hezroni, mumewe, alirudi kutoka kufungulia maji shambani, kaptula imeloa hadi magotini.

"Funga mlango," Eliwaza alimwambia.

"Mchana huu? Moshi utatuua."

"Funga, Baba Simeoni."

Mtoto hakuwa amebatizwa bado. Jina la Simeoni lilikuwa linamngoja mchungaji, ambaye hupanda kutoka misheni kubwa baada ya mavuno. Ila nyumbani walishaanza kulitumia, maana furaha haina subira. Hezroni alipapasa ufizi wa mwanawe kwa kidole. Kisha akakifuta kile kidole kwenye kaptula, akakifuta tena. Eliwaza akaona kwamba mumewe ameogopa, na hofu yake yeye ikaongezeka maradufu.

"Labda la chini liko njiani," Hezroni alisema.

"Labda."

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi asione mtu. La chini likishatoka, nani atajua lipi lilitangulia?" Alijaribu kutabasamu. "Tumfiche kidogo tu."

"Na Jumapili?"

Hezroni alijua mambo ya kanisani kwao. Wanawake walikaa upande wao kwenye mabenchi ya magogo, na mtoto mchanga hakubaki mapajani mwa mama yake. Alisafiri kutoka benchi hadi benchi, wimbo hadi wimbo, na kila aliyempokea alimkagua kucha, kitovu na fizi. Kina mama wa pale waliyajua meno ya watoto wa wenzao kuliko walivyoyajua maneno ya wimbo wenyewe.

"Jumapili utabaki nyumbani," alisema hatimaye. "Utaomba hapa hapa. Mungu hafungiwi ndani ya kuta za kanisa. Nami nitawaambia mtoto ana homa."

*

Kengele ya kanisa lile ilikuwa kipande cha reli kilichopandishwa kutoka Same mabegani mwa watu, kikatundikwa kwa mnyororo. Kikigongwa, kigongo kizima kilisikia. Jumapili ile Hezroni alikwenda peke yake, na Mzee Andrea, mzee wa kanisa aliyesimama mlangoni kila wiki kama vile mlango ungekimbia asipokuwepo, alimshika mkono asiuachie.

"Mama yuko wapi? Mtoto yuko wapi?"

"Ana homa, mzee."

"Pole sana. Tutamwombea."

Wakamwombea kweli. Mwalimu Eliamini, mwinjilisti wao, alimtaja mtoto wa Hezroni kati ya wagonjwa, na kanisa zima likainamisha vichwa kuomba homa iondoke kwa mtoto ambaye saa ile alikuwa nyumbani akipiga sufuria kwa mwiko. Hezroni naye aliinama. Hakuomba kitu. Alikuwa anasubiri radi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia Jumapili iliyofuata. Watu walimuuliza homa ni ya namna gani, inapanda saa ngapi, wamempa nini, na kila jibu lilidai jibu jingine. Alirudi amelowa jasho. "Siendi tena," alimwambia mkewe. "Tutaomba wote nyumbani."

Mwanzoni ilikuwa vizuri. Walikaa mkekani watatu, wakasoma, wakaimba kwa sauti ya chini ili Bibi Lea, mama yake Hezroni, aliyeishi kibanda cha pili uani, asije kuwaunga mkono kwa sauti yake nene. Lakini sala ya nyumbani ina ubaya wake: hakuna anayekusikia ukiruka mstari. Wakaacha zaburi. Kisha wakaacha wimbo. Jumapili moja Hezroni alisema Baba Yetu huku akinoa panga, na Eliwaza hakumkemea, kwa sababu yeye mwenyewe masikio yalikuwa njiani. Siku hizo alikuwa anasikiliza kila kitu: jani, kuku, hodi ya mbali. Jino la chini halikutoka. La juu lilipata mwenzake.

Priska alikuja siku moja kabla ya Jumapili, na asali kwenye kibuyu kidogo. Yeye na Eliwaza walipata kipaimara siku moja, na ndiye aliyechaguliwa kumsimamia mtoto siku ya ubatizo.

"Nimeleta asali ya mgonjwa wetu," alisema, akinyoosha mikono. "Nipe nimwone."

"Amelala."

Nyuma ya pazia la gunia mtoto akapiga kelele za furaha, sauti ya mtu aliyeamka kitambo.

Priska alitazama pazia, akamtazama rafiki yake. "Kila Jumapili tunamwombea. Mahali pako tunapaacha wazi. Mimi nitakayemshika kwenye maji ya ubatizo, siruhusiwi kumshika leo?"

"Homa yake inaambukiza."

"Homa gani hiyo?"

"Nimesema inaambukiza, Priska!"

Priska aliweka kibuyu chini polepole, akainuka, akajifuta mikono isiyo na kitu. "Haya. Ukipona, utatuambia," alisema, na kwa kusema 'ukipona' badala ya 'akipona' hakukosea. Eliwaza alimtazama akishuka, akatamani kumwita. Alilia kwa aibu, huku mtoto akimvuta sikio.

*

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wao waliumbuliwa na mchuzi wa makande.

Bibi Lea alikuwa amechoka kunyimwa mjukuu. Eliwaza alipotoka kuchota maji, bibi aliingia, akamketisha mtoto mapajani, akachovya kidole kwenye mchuzi na kumrambisha. Eliwaza aliporudi na mtungi kichwani alimkuta mkwewe ameduwaa, kidole bado kimesimama hewani. Hakupiga kelele. Alimweka mtoto mkekani kwa uangalifu, akachota majivu jikoni, akasugua kidole chake mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Mama," Eliwaza alisema, akapiga magoti na mtungi ukiwa bado kichwani. "Mama, nakuomba."

"Mimi sijasema kitu."

"Umebatizwa, Mama. Unajua kwamba ni uongo wa zamani."

"Nimebatizwa," Bibi Lea alikubali. "Na mume wangu nimemzika masika haya haya, mtoto huyu akiwa amezaliwa tu. Jino lilikuwa tayari ndani ya ufizi, Eliwaza. Nimebakiwa na Hezroni peke yake."

Alitoka. Hakurudi kibandani kwake; alishika njia ya kupanda, iendayo kwa Mzee Mrindoko.

Mzee Mrindoko alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yake Hezroni. Mashamba ya ukoo yalikuwa mkononi mwake, na ndiva pia, lile bwawa ambamo maji ya mfereji hukusanywa kabla ya kugawanywa kwa zamu. Alikuja siku iliyofuata jua likiwa bado juu, akakaribishwa kigoda.

"Shikamoo, Baba mkubwa," wote wawili walisema.

"Marahaba, wanangu. Maharage yameitikia?"

Aliuliza maharage, akauliza mbuzi, akanusa ugoro wake, akapiga chafya. Hakumwomba mtu amletee mtoto. Kisha, kwa sauti ile ile ya maharage, akasema:

"Huyu mtoto ameonwa na nani?"

Hezroni akajibu, "Na mama. Na sisi."

"Majirani?"

"Hapana."

"Kule kanisani?"

"Hatujaenda siku nyingi. Tuliwaambia ana homa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Mmefanya vizuri," alisema, na Eliwaza, ambaye hakuwahi kusifiwa na mzee huyu tangu aolewe, alisisimka mwili mzima. "Homa ni jambo la kawaida. Watoto wengi wameondoka na homa mwaka huu. Wenzenu wameshaizoea hata kuiombea. Na Bwana Shauri wa serikali hapandi mlima kwa sababu ya homa."

Mzee akanusa ugoro tena.

"Jumapili nitawaleta kina mama wawili wa ukoo. Watamchukua, wampeleke kwa mganga huko Bendera. Jumapili asubuhi ni nzuri, njia hazina watu. Wote wako kule kwenye reli yao."

"Na watamrudisha lini?" Eliwaza aliuliza.

Mzee Mrindoko alimtazama kwa huruma. Hakuwa mtu katili. Hilo ndilo lililotisha zaidi. "Mkwe wangu, nimemzika ndugu yangu masika haya. Sitaki kumzika na mwanawe."

"Baba mkubwa," Hezroni alisema, "mimi ni Mkristo."

"Najua. Siku ulipobatizwa nilikuja, nikala na nyama." Mzee aliinuka, akajifuta ugoro puani. "Lakini mbona nasikia hata huko siku hizi huonekani?"

Hezroni aliangalia miguu yake. Mzee alipoondoka, alimsindikiza hadi kwenye mgomba wa mwisho, kama adabu inavyotaka, akarudi akiwa amekunja mkono kifuani.

"Twende Same tukaseme," Eliwaza alimwambia.

"Nikamtie kitanzi Baba mkubwa? Mama je? Halafu turudi kuishi wapi?"

"Basi twende kwetu."

"Mama yako akimwona mtoto huyu atafunga mlango kwanza, kisha ndipo alie. Unajua."

Alijua.

"Tuombe," Hezroni alisema. "Mungu yuko hata hapa ndani."

"Yuko, na anaona. Lakini Jumatatu mtoto akiwa hayupo, nani ataniuliza yuko wapi?" Eliwaza alikuwa anapaza sauti sasa, hakujali nani anasikia. "Tumemficha mpaka akipungua hakuna wa kujua! Njia tumeilima wenyewe, Baba Simeoni. Wao wanapita tu."

Hezroni alikuwa bado ameshika kifua. "Kinaniuma," alisema. "Hapa upande wa kushoto."

"Kimeanza kabla Baba mkubwa hajaja au baada?"

Hezroni akageukia ukuta, na Eliwaza akaelewa kwamba katika jambo hili yuko peke yake.

*

Jumapili ilikuja na ukungu. Hezroni aliamka mapema, akasema anakwenda kuziba tundu kwenye ndiva. Hakuna mtu aliyeziba ndiva Jumapili. Lakini mwanamume akiogopa hujitafutia kazi. Alipita bila kumtazama mtoto.

Bibi Lea alikuja uani, akakaa chini mlangoni pa mkwewe, akanyoosha miguu yake ikaziba kizingiti kizima. Alikuwa na kaniki mpya. Hakusalimia.

Reli ikagongwa mara ya kwanza. Sauti yake ilipanda katika ukungu, ikafika, ikafa. Eliwaza alisimama nyuma ya mlango akimfunga mtoto mgongoni, na vidole vyake vilikuwa vinakataa kufunga fundo. Katika upenyo wa ukungu aliona watu wawili wakiteremka kutoka upande wa juu, wanawake, wamejitanda, wakitembea bila kuzungumza.

"Unakwenda wapi?" Bibi Lea aliuliza.

"Kanisani, Mama."

"Mtoto ana homa."

"Hana, Mama. Wewe na mimi tunajua hana."

"Kaa ndani, mwanangu. Yatakwisha upesi. Utazaa wengine."

"Vuta miguu, Mama."

Bibi Lea hakuivuta. Tangu aolewe Eliwaza hakuwahi hata kupita mbele ya mkwewe bila kuinama. Na kuruka miguu ya mama mkwe ni jambo ambalo mwanamke wa Kipare hatalifanya hata nyumba ikiungua. Aliitazama ile miguu, mikavu, yenye nyufa. Wale wanawake walikuwa wamefika kwenye mgomba wa mwisho.

"Nisamehe," alisema, akaruka.

Nyuma yake alisikia mlio, si wa hasira, mlio wa mtu aliyechomwa moto. Hakugeuka. Alikimbia akiteleza kwenye matope ya mfereji, akashika majani, akainuka. Njia ilikuwa tupu kama mzee alivyosema. Nyumba aliyoipita haina mtu, shamba halina mtu, na angepiga ukunga asingesikiwa na yeyote isipokuwa mbuzi. Nyuma alisikia miguu, au moyo wake mwenyewe. Havikuwa na tofauti. Mtoto mgongoni alikuwa anacheka kwa kurushwarushwa.

Aliusikia wimbo kabla hajaiona nyumba ya ibada. Mzee Andrea alikuwa mlangoni pake. Alimwona mwanamke aliyejaa matope, akafungua mdomo kumsalimia, akaghairi, akampisha.

Eliwaza hakwenda upande wa wanawake. Alikwenda mbele moja kwa moja, hadi penye meza yenye msalaba, na wimbo ukapungua sauti moja moja mpaka ukafa.

"Mwalimu, naomba neno."

"Eliwaza," Mwalimu Eliamini alisema kwa mshangao, "baada ya ibada."

"Baada ya ibada nitakuwa nimechelewa."

Akamfungua mtoto, akamgeuzia watu. "Mtoto huyu hana homa. Hajawahi kuwa na homa. Mlikuwa mnauombea uongo wetu." Akainua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole gumba. "Hiki ndicho alicho nacho."

Mtoto akalia, na alipolia hata wa benchi la nyuma waliona.

Benchi la mbele lilisogea lenyewe. Hedwiga, mama wa watoto sita na msimamizi wa kwaya, alimfunika mwanawe uso kwa kanga. Upande wa wanaume mtu alitaja jina la Yesu, lakini kwa namna wanavyolitaja watu waliokanyaga nyoka. Mwalimu Eliamini, aliyewahi kuhubiri kwa nguvu dhidi ya mambo ya vigego, alirudi nyuma hatua moja. Mguu wake ulirudi bila kumwuliza, na aibu ya hatua ile ilimkaa siku nyingi.

Eliwaza aliona yote. Alikuwa amedhani kanisani hakutakuwa na hofu. Kumbe hofu nayo ilikuwa imekuja ibadani, imekaa kwenye kila benchi.

"Sisemi mumbebe," alisema. "Sisemi hata mumpende. Nataka mmwone tu. Wote. Ili Jumapili nikija bila yeye, mniulize yuko wapi. Nikiwaambia ana homa, msikubali."

Matone ya ukungu yalisikika yakidondoka kutoka kwenye nyasi za paa. Kisha sauti ikatoka mlangoni.

"Anaitwa nani?" Mzee Andrea aliuliza.

"Simeoni, mzee. Hajabatizwa."

"Mimi nimemwona Simeoni," alisema mzee, kama mtu anayetoa ushahidi barazani.

"Na mimi nimemwona," Priska alisema, akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Kumbe ndiyo homa yenyewe, Eliwaza. Kumbe ndiyo hiyo."

Wengine watatu wanne walisema hivyo hivyo. Walio wengi hawakusema kitu, wakatazama sakafu. Lakini nao walikuwa wameona, wapende wasipende. Eliwaza akaenda kukaa mahali pake. Hakuna aliyempokea mtoto. Benchi lilibaki wazi pande zake zote mbili, mpaka Priska alipohama na kitabu chake cha nyimbo akaja kukaa karibu, bega kwa bega.

*

"Wameona wangapi?" Mzee Mrindoko aliwauliza wale wanawake waliorudi mikono mitupu.

"Kanisa zima."

Aligeuzageuza kikopo cha ugoro mkononi. "Basi si wetu tena," alisema. "Akijikwaa tu, tutaulizwa." Siku iliyofuata alimnyima Hezroni zamu ya maji, na maharage ambayo yalikuwa yameitikia yakaanza kunyauka. Hezroni alikuwa akiyatazama kila jioni bila kusema. Lakini alianza kumbeba mwanawe tena, kwanza akiwa amegeuza uso wake pembeni, baadaye akimtazama. Bibi Lea hakuzungumza na mtu.

Ndipo, siku moja kabla ya Jumapili, mtoto akapata homa.

Hii ilikuwa homa ya kweli. Alichemka, akakataa ziwa, akatapika. Usiku mzima Eliwaza alimkanda kwa maji akisikiliza pumzi yake, na kulipokucha ukungu ulikuwa mzito na baridi kiasi kwamba kumtoa nje ni kumuua.

"Niende niwaambie ana homa?" Hezroni aliuliza, na neno lenyewe likamkwama.

"Nani atakuamini?"

"Hakuna."

"Na ukienda, nitabaki na nani? Kaa mlangoni."

Alikaa kwenye kizingiti, panga mapajani, mahali pale pale mama yake alipokaa. Reli ikagongwa mara ya kwanza, ikagongwa mara ya pili. Eliwaza aliwaza kwamba mtoto akifa leo, wote watasema ni ule mpango, umefanyika kwa njia nyingine. Na akizidiwa bila kufa, Baba mkubwa atasema mnaona, ni saa yake, mwacheni aende. Hakujua aogope lipi. Wimbo wa kwanza ulifika kwa mbali, kisha hakukuwa na wimbo wa pili. Kanisa lilinyamaza kabla ya wakati wake.

Muda mfupi baadaye miguu ikasikika njiani. Mingi.

Hezroni alisimama. "Ingia ndani kabisa," alimwambia mkewe. Eliwaza alirudi hadi ukutani, mtoto kifuani, akashika mchi kwa mkono uliobaki. Miguu ilifika kwenye migomba. Bibi Lea alitoka kibandani kwake, akasimama katikati ya ua.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya Priska, imekatika pumzi. "Simeoni yuko wapi?"

Wakatokeza katika ukungu: Priska, Mwalimu Eliamini, Mzee Andrea akihema juu ya fimbo yake, na nyuma yao watu na watu, wamevaa nguo zao za ibada, matope hadi magotini.

"Hatukuwaona," Mzee Andrea alisema. "Mlisema tuulize. Tumekuja kuuliza."

Bibi Lea ndiye aliyejibu. "Yuko ndani. Ana homa."

Hakuna aliyesogea. Neno lile walikuwa wamelisikia.

"Tuonyeshe, mama," Mzee Andrea alisema kwa upole, bila kuondoka.

Bibi Lea aligeuka, akaingia. Alimnyooshea mkwewe mikono. Eliwaza hakumpa, walitazamana, na hofu ya kila mmoja ilikuwa imesimama wazi machoni. Kisha bibi akasema, "Nje wako wengi, mwanangu. Nitamfanya nini?" na Eliwaza akamwachia.

Alimtoa mlangoni, akamwinua kama walivyowahi kumwona mamaye akimwinua. "Mtazameni," alisema, akilia. "Yu hai. Mtazameni wote."

Mtoto alilia kwa uchovu, na meno yake ya juu yakaonekana. Priska akamgusa paji la uso kwa kiganja.

"Ana homa kweli," alisema.

Mwalimu Eliamini akatoa vidonge vya kwinini mfukoni, akaomba maji ya moto, akaingia ndani bila kungoja kukaribishwa. Wengine wakamfuata mmoja mmoja kumgusa mgonjwa, kila mmoja akisema pole. Hezroni aliweka panga juu ya dari, akatandika mkeka, akatandika na wa pili. Hedwiga, aliyekuwa amemfunika mwanawe uso, aliingia mwisho. Alisimama kitambo mbele ya mtoto, mkono wake ukiwa hewani, kisha akaushusha, akamgusa.